Mafuta Niliyomimina Kwenye Beseni la Kalamu

Wenzangu, mimi Bi Sidi mnayenijua kwa samaki wa kukaanga hapo njia ya Mtongwe, mimi ambaye mdomo wangu haujawahi kushindwa na mnunuzi wala askari wa kaunti, siku niliyokosa la kusema nilikuwa nimesimama mbele ya wazazi wa shule nzima, chupa tupu mkononi, na paka wawili wananizunguka miguuni kama mimi ndiye niliyewazaa. Mkasa huu nilitaka nife nao, lakini watu wameshausimulia mpaka umeota mkia (eti nilitumbukia ndani ya beseni, sikutumbukia), kwa hiyo bora mwenye aibu yake aisimulie mwenyewe.

Niwaeleze kwanza habari ya mjukuu wangu Mapenzi, maana bila yeye mimi nisingeonekana katika uwanja wa shule. Mapenzi ni mwalimu wa hesabu katika shule ya upili ya kutwa huku kwetu Likoni, na nimemlea mimi tangu ananyonya kidole, kwa karai hili hili la samaki, kwa moshi huu huu unaonitoa machozi. Mimi shule niliiacha darasa la pili, Biblia naisoma kwa kufuata kidole, na leo damu yangu inasimama mbele ya ubao inaandika namba na herufi zimechanganywa pamoja, na watoto wanaelewa. Nisijivune kwa nini? Mnunuzi akija kuchukua samaki wa shilingi hamsini lazima aisikie habari ya Mapenzi kabla hajapewa pilipili.

Kasoro moja tu niliiona kwake. Wokovu wake hauna kelele. Kanisani hakosi, alfajiri namsikia anaomba chumbani kwa sauti ya chini kama anaongea na jirani aliye upande wa pili wa ukuta, lakini akifika shuleni hahubiri, hapigi haleluya, hata kitambaa chenye mstari wa Biblia nilichomfumia kwa ajili ya meza yake alikitandika nyumbani. Nikamwambia, mjukuu wangu, taa haiwekwi uvunguni, watajuaje kwamba wewe ni mtu wa Mungu?

Akacheka. "Hawe," akaniambia (ndivyo sisi tunavyowaita nyanya zetu), "taa nayo haipigi kelele."

Jibu hilo halikunipendeza hata kidogo. Niliona ananidharau kwa Kiswahili kizuri.

Sasa shule yenyewe, kama zilivyo shule zetu za huku, ni mchanganyiko. Wako watoto wetu wa Kigiriama na Kiduruma na Kidigo, wako wa bara, wako watoto wa Kiislamu wa nyumba za zamani za Mtongwe, na mmoja wa hao alikuwa Zuhura, msichana mwembamba mwenye aibu, aliyelelewa na shangazi yake Bi Mwanajuma baada ya mamake kufariki. Zuhura alipofika Kidato cha Nne hesabu zilimshinda, wenziwe wakamcheka, akaacha kuja, akabaki nyumbani anamsaidia shangazi kuchoma mahamri. Mapenzi alipoona kiti kitupu hakutuma mtu, alikwenda mwenyewe mpaka Mtongwe, akavua viatu mlangoni, akakaa mkekani.

Bi Mwanajuma si mtu wa kuzungukazunguka. Alimwuliza, "Mwalimu, wewe kanisani hukosi, najua. Mwanangu nikikupa, utanirudishia kama alivyo?"

Mapenzi akamjibu, "Nitakurudishia na hesabu zaidi. Mengine yote ni yenu."

Kwa neno hilo moja Zuhura akarudi shule. Jioni masomo yakiisha Mapenzi alikuwa anabaki naye barazani pamoja na wengine wawili watatu waliokuwa nyuma, wanapiga hesabu mpaka jua linazama, na mimi nikichelewesha ugali nikimngoja. Habari hii yote niliijua, Mapenzi alinisimulia mwenyewe. Kwa hiyo msinitetee, sikufanya kwa kutojua.

Ikaja siku ya maombi ya watahiniwa. Wenye watoto mnaielewa: mtihani wa taifa ukikaribia shule inaita wazazi, inaita mchungaji na ustadhi, na zile kalamu ambazo watoto wataandikia mtihani zinawekwa mezani mbele ya watu, zinaombewa. Shuleni kwa kina Mapenzi huwa wanaziweka ndani ya beseni moja kubwa, kila kalamu imegandishwa karatasi ndogo yenye jina la mwenyewe. Mchungaji anaomba, ustadhi anasoma dua, mikono inainuliwa kwa mbali, na hapana mtu anayegusa chochote. Hivyo ndivyo walivyopatana ili kila mzazi aondoke na moyo mweupe.

Jumatano Mapenzi akaniambia, "Hawe, kesho njoo. Lakini njoo wewe tu, usibebe kitu."

Nikasema ndiyo.

Alhamisi asubuhi nikavaa leso mpya, nikapita kibandani kwangu kufunika karai, na macho yakaangukia chupa ya mafuta juu ya rafu. Ni mafuta ya upako, niliombewa kanisani wakati goti lilipokuwa linanisumbua, nikayaweka kwenye chupa ndogo ya soda. Nikajiambia, Sidi, utakwendaje kwenye maombi mikono mitupu kama unakwenda kukopa chumvi? Nikaichukua, nikaitia mkobani. Ni hapo tu nilipokosea, mengine yote yalijifuata yenyewe kama mabehewa.

Kwa sababu rafu ile ile (nanyi mnaokaanga mnanielewa) ndipo ninapoweka mafuta ya jana niliyoyachuja, na chupa za soda zinafanana. Mtaniuliza, wewe mama, pua huna? Sina. Mama karanga, yaani sisi wakaanga samaki, hana pua. Miaka yote hii moshi wa samaki umekaa nywele zangu, umekaa leso zangu, umekaa mpaka ndani ya Biblia yangu, nikinusa samaki mimi nasikia harufu ya nyumbani tu.

Nikafika, nikapewa kiti mstari wa mbele kwa heshima ya Mapenzi. Watoto wamepanga mistari, mashati meupe, nyuso zimekauka kwa hofu. Mchungaji akaomba vizuri. Ustadhi akasoma dua kwa sauti tamu, hata mimi nikasema amina. Kisha mwalimu mkuu akasema, "Labda mzazi mmoja atupe neno la mwisho," na kabla hajamaliza nilikuwa nimeshasimama.

Nilimwona Mapenzi upande wa walimu. Alitikisa kichwa kidogo sana. Nikajifanya sikuona.

"Watoto wangu," nikasema, "mimi ni nyanyake Mwalimu Mapenzi, nimemlea mimi." (Hakuna aliyeniuliza.) "Sikusoma, lakini nina Mungu. Nyinyi viranja hapo mbele, fungueni vifuniko vya kalamu, baraka isiishie nje."

Wale watoto ni watoto wenye adabu, mtu mzima akisema wanafanya. Wakazifungua zote. Nikaichomoa chupa, nikaomba kwa Kiswahili na kwa Kigiriama, sauti ikapanda, mishipa ya shingo ikanitoka, nikajisikia mimi ni nabii kabisa, na nikaanza kumimina. Nilikusudia matone mawili matatu. Lakini huu mkono umezoea karai, hauijui kazi ya kudondosha, ukiinama unamwaga, na nilipofumbua macho chupa ilikuwa tupu na kalamu zinaogelea, na vile vikaratasi vya majina vimeachana na kalamu zake vinaelea juu kama vitunguu.

Nikangoja amina. Haikuja. Alikuja paka, kutoka jikoni kwa shule, mkia juu. Nyuma yake mwingine.

Halafu kule kwa wazazi mtu akasimama. Alikuwa Bi Mwanajuma, buibui lake limenyooka, na alisema taratibu tu.

"Samahani. Hayo ni mafuta gani?"

Ningesema sijui, ningekuwa salama. Lakini mimi nikanyoosha shingo. "Ya upako, dada. Yameombewa kanisani."

"Na kalamu ya Zuhura imo humo?"

"Imo. Baraka hazibagui."

Basi hakunitazama tena. Alimgeukia Mapenzi. "Mwalimu," akamwambia, "wewe ulikaa mkekani kwangu."

Ni hayo tu aliyosema, na mimi pale pale nikaelewa nimemwaga nini. Nikaona wazazi wengine wa Mtongwe wanatazamana. Na Bi Mwanajuma akamwita mwanawe, "Zuhura, chukua mkoba wako," na Zuhura akainama akaanza kuutafuta mkoba, machozi yanamtiririka, mtihani Jumatatu.

Ustadhi ndiye aliyesogea. Alitia kidole kwenye beseni, akakinusa, akakinusa tena.

"Bi Sidi," akasema, "mafuta haya umesema yameombewa?"

"Na mchungaji wetu."

"Basi siku hiyo mchungaji wenu alikuwa anamwombea ngisi. Jamani, hizi kalamu hazikupakwa, zimeungwa. Bado chumvi na ndimu."

Watu wakapasuka kucheka. Wanafunzi walicheka mpaka mistari ikavunjika, mchungaji akageukia ukuta, mabega yanamtikisika. Na mimi nikainusa chupa, nikavuta hasa, na ndipo pua yangu iliyolala miaka ikaamua kuamka. Ngisi wa Jumatano.

Lakini Bi Mwanajuma hakucheka. "Harufu nimeisikia, Ustadhi," akasema. "Ila yeye alidhani ni ya kanisa, na akayamimina."

Kicheko kikafa. Na alisema kweli, mimi mwenyewe nashuhudia alisema kweli.

Mwalimu mkuu, maskini, akamgeukia Mapenzi akamwuliza kwa sauti ya chini ambayo kila mtu aliisikia, "Mwalimu, kwani huyu mama ni nani?"

Nikatamani ardhi inimeze. Nikasema moyoni, akinikana sasa hivi mbele ya watu hawa, ana haki, na nitamsamehe kabla sijafika langoni.

Mapenzi akajibu, "Ni nyanyangu. Amenilea yeye."

Maneno yale yale niliyoyasema mimi dakika chache nyuma kwa kujivuna, yeye aliyasema huku ninanuka ngisi.

Kisha akamfuata Bi Mwanajuma alipokuwa. Hakujitetea, hakusema hawe yangu ni mzee, hakusema hakukusudia. "Ni kweli nilikuahidi," akamwambia, "na ahadi imeharibika kwa mkono wa mtu wangu. Naomba nizisafishe kalamu za watoto kwanza. Nikimaliza, ukitaka kumchukua Zuhura, mchukue, mimi sitakuzuia."

Akaomba ndoo ya maji ya moto na sabuni ya unga. Akavua koti lake la ualimu, akapiga magoti juu ya saruji, akaanza kuosha kalamu moja moja. Majina yalikuwa yametoka, lakini hakuuliza hii ni ya nani. Amekaa nao mwaka mzima, anajua nani anatafuna kalamu yake na nani anaifunga uzi. Akiisha kuosha anaikausha ncha, anaijaribu kwenye kiganja chake mwenyewe mpaka wino ushike, halafu anamwita mwenyewe, na akimkabidhi anamwambia neno.

"Kahindi, hii umeitafuna mpaka imekonda. Swali likikukwamia liruke, usikae hapo unalitafuna nalo."

"Saumu, wewe hesabu unaijua, unaharakisha tu. Soma swali mara mbili."

Kwa mwingine alisema, "Uliniambia hutafika Kidato cha Nne. Uko wapi leo?" na yule kijana, mrefu kama mnazi, akaichukua kalamu kwa mikono miwili.

Mimi nimesikia mahubiri mengi, ya hema, ya redio, ya kwenye stendi kwa spika mbovu, lakini sijaona watu wametulia kama walivyotulia siku ile wakimtazama mwalimu anaosha kalamu. Hakumtaja Mungu hata mara moja. Nami nilikuwa nimemtaja mpaka sauti ikakauka.

Akafika kwenye kalamu yenye uzi wa kijani. Hiyo hakuiosha mara moja. Alisimama, akayamwaga yale maji yote mtaroni, akaisuuza ndoo, akachota mapya bombani, na maji yalikuwa baridi sasa lakini yalikuwa safi, hayajaguswa na kitu. Akaiosha kalamu ndani yake, akaikausha, akaijaribu. Na hakumwita Zuhura. Alikwenda nayo kwa Bi Mwanajuma.

"Hii mpe wewe," akamwambia, "pamoja na dua yako."

Bi Mwanajuma aliitazama ile kalamu, kisha akakitazama kiganja cha Mapenzi, maana kilikuwa cheusi kwa wino wa watoto wa watu, mpaka kwenye vidole. Akaichukua. Akaipangusa kwa ncha ya mtandio wake, akainusa.

"Bado yanuka," akasema.

"Yanuka," Mapenzi akakubali.

Yule mama akaiweka karibu na midomo, akasoma kitu taratibu, akaipulizia, akamnyooshea Zuhura. "Haya shika. Mkoba weka chini. Umesimama kama mgeni kwani?"

Zuhura akakaa. Na mimi hapo ndipo nilipoweza kuvuta pumzi.

Nilidhani nimesahauliwa, nikaanza kujivuta taratibu kuelekea langoni, paka nyuma. Bi Mwanajuma akaniona.

"Bi Sidi, wapi? Njoo ushike taulo, mwalimu peke yake hamalizi."

Nikarudi. Nikakaa chini kando yake, yeye anasuuza, mimi nakausha, Mapenzi anajaribu na kuita majina. Hatukuzungumza sana. Mara moja tu alininong'oneza, "Ngisi wako unamtia ukwaju?" Nikamwambia ndimu tu. Akasema, "Ndiyo maana," na sikujua kama ni sifa ama ni matusi, nikaikausha kalamu nyingine.

Njiani kurudi nilimngoja Mapenzi anigombeze. Tukapita msikiti, tukapita duka la dawa, hasemi kitu. Nikashindwa, nikamwambia, "Nitukane basi, niondokewe na mzigo."

"Hawe," akasema, "nimechoka magoti. Leo pika wewe."

Jumatatu Zuhura aliingia mtihani, na siku ya karatasi ya hesabu aliingia pia. Walipomaliza mitihani yote walipita kibandani kwangu yeye na shangazi yake. Zuhura, yule yule wa aibu, akaniambia, "Bibi, ile kalamu imeandika mpaka swali la mwisho, lakini nilikuwa nasikia njaa mtihani mzima." Bi Mwanajuma akasema, "Tupimie ngisi. Na ukwaju nimekuletea mwenyewe." Majibu ya mtihani yalipotoka hesabu yake haikuwa ya kutangaziwa redioni, ila ilimtosha kwenda kusomea uuguzi, na anayejua alipotoka anajua ni mlima gani aliupanda.

Chupa ya upako sasa iko chumbani kwangu chini ya mto, mbali na kitu chochote chenye magamba. Kile kitambaa cha meza nimekifumua, nyuzi zake nimewafumia watoto wa jirani kofia. Wateja bado nawasimulia habari za Mapenzi kabla ya pilipili, hilo siachi, lakini siku hizi nasimulia alichokifanya, sisimulii mimi nilivyomlea.

Mwaka uliofuata alinialika tena (mngekuwa nyinyi mngenialika?). "Njoo wewe tu," akasema, na safari hii nikaenda hivyo hivyo, mikono mitupu, na bawabu aliyekuwepo siku ile akaupekua mkoba wangu mpaka kwenye pindo, nikamwacha aupekue. Nikakaa mstari wa nyuma karibu na Bi Mwanajuma. Mchungaji akaomba, ustadhi akasoma dua, nikasema amina mara mbili kwa sauti ya chini kama mtu anayeongea na jirani aliye upande wa pili wa ukuta. Mwalimu mkuu alipouliza kama kuna mzazi mwenye neno la mwisho, Bi Mwanajuma alinishika mkono akaukandamiza juu ya paja langu, na hakukuwa na haja, maana nilikuwa nimeshaapa kwamba shuleni nitakwenda na masikio tu mpaka nife.

Paka mmoja alikuja hata hivyo. Akanusa leso yangu, akanilalia miguuni, akasinzia.